Kikula: Nani Mwenye Lupango?



Watu wa Kikula wakisikia kwamba njia itapanuliwa au mtaa utatengenezwa, hufurahi kwanza, kisha huuliza: "Na sisi tutakaa wapi?" Mgeni hushangaa, akadhani watu hawa hawapendi maendeleo. Lakini ajuaye habari za nchi hii ya shaba hashangai hata kidogo. Mara nyingi nyumba zilijengwa na kutengenezwa kwa hesabu za wengine, na wale waliolala ndani yake wakaambiwa siku moja wafunge mizigo. Vijana wetu wengi hawazijui tena habari hizo, nami nataka kuzieleza kwa kifupi.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, halafu ikapanda kuja upande wetu. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitaka shaba, na shaba ilitaka mikono. Watu wa Katanga hawakutosha, kwa hiyo wafanya kazi wakatafutwa mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, hata Rwanda na Burundi. Mwaka 1928 reli ya BCK ikaunganisha Bukama na Port-Francqui, ikipita katikati ya Kasai, na watu wa huko wakaja kwa wingi na wake zao. Mji uliokua kando ya viwanda vya Panda na Shituru ukaitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966.

Basi, mtu mweusi katika mji huo aliweza kukaa mahali pa namna mbili. Pa kwanza ni kampi ya kampuni. Huko alipewa nyumba, posho, dispensari, na shule ya watoto. Shule hizo zilikuwa mikononi mwa wamisioni wetu, na tusijisafishe bure: mtoto alifundishwa katekisimu na utii kwa kampuni katika darasa lile lile. Nyumba za kampi zilikuwa imara, wazee wanazisifu mpaka leo. Lakini nyumba ilifuata kazi kama kivuli kinavyofuata mtu. Kazi ikiisha, au baba akifa, jamaa walitoka.

Mahali pa pili ni sité, na sité yetu ni Kikula. Amri ya mwaka 1931 iliweka miji ya watu weusi chini ya utawala wake yenyewe, kila mmoja na chifu aliyewekwa na serikali ya Wabelji, mbali na nyumba za Wazungu. Humo walikaa washonaji, wachuuzi, wapishi wa Wazungu, maseremala, wajane, na wanawake walioishi peke yao ambao kampi isingewapokea. Mtu alipewa lupango, akajenga kwa nguvu zake. Nyumba ya Kikula, hata ikiwa ya matofali mabichi, ilikuwa na jambo moja ambalo nyumba ya kampi haikuwa nalo: mtu aliyefukuzwa kazini jioni aliweza kurudi kulala ndani yake usiku ule ule. Mimi nadhani hapo ndipo ulipoanza ule ukaidi wa watu wa Kikula ambao wakubwa huwalaumu.

Hata hivyo, lupango lile halikuwa mali yake kamili. Ardhi ilikuwa ya serikali, naye alikuwa na ruhusa tu ya kukaa, iliyoandikwa katika kitabu kidogo cha mwenye nyumba. Mwaka 1953, miaka saba tu kabla ya uhuru, ndipo Wabelji walipotoa amri ya kumruhusu Mkongo awe na ardhi mjini kwa jina lake mwenyewe. Baada ya uhuru mambo yaligeuka tena. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni ya Taifa, wala haiuzwi. Raia hupewa haki ya kuitumia, na ushuhuda wa haki hiyo ni cheti kinachoandikishwa katika ofisi ya ardhi. Aliyekuwa na kitabu cha zamani alifunguliwa njia ya kupata haki ya kudumu. Wengine waliifuata njia hiyo. Wengi waliona kwamba kitabu cha baba kinatosha, kwa kuwa kila jirani aliwajua, wakakitia sandukuni na kukisahau.

Sasa nafika kwenye mwaka 1992, na hapa mkono wangu ni mzito.

Tarehe 15 Agosti mwaka ule, mkutano mkuu wa taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri Mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Hapa Likasi wengine walishangilia, wengine walikasirika. Gavana Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama chake walikuwa wamekwisha kuwahubiri watu kwamba taabu zote za Katanga zaletwa na watu wa Kasai, na kuwaita bilulu, yaani wadudu. Basi vijana wakaingia mitaani. Nyumba zikachomwa, nyingine zikaporwa, watu wakauawa. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wazaliwa wa mji huu ambao hawakuiona Kasai hata siku moja, wakakimbilia makanisani, mashuleni, na hasa stesheni ya reli. Walikaa pale miezi na miezi chini ya maturubai, wakingojea treni ya kwenda Mwene-Ditu. Watoto walikufa kwa kuhara na njaa, wengine pale stesheni, wengine ndani ya mabehewa. Mwaka uliofuata yakawa vile vile Kolwezi.

Na nyumba zao? Wengine waliziacha wazi. Wengine waliziuza kwa bei yoyote, kwa sababu mtu anayehitaji chakula cha njiani hawezi kungojea bei nzuri. Baba yangu ni mmoja wa walionunua. Jirani yetu alimwita pale stesheni, wakaandikiana juu ya karatasi ya daftari la shule, shahidi mmoja akatia kidole. Nilikuwa bado mtoto wa kubebwa. Nimekua katika nyumba ile, nimesomea seminari kutoka nyumba ile. Baba hakuiba. Lakini hakuna mtu, hata baba mwenyewe, anayeweza kusema kwamba bei ile ilikuwa bei.

Baada ya hapo umaskini ulitushika wote, mnunuzi na muuzaji. Gécamines, iliyorithi mali za Union Minière mwaka 1967, ilianguka katika miaka ya 1990. Katika mwaka 2003 na kuendelea wafanya kazi 10,655 waliachishwa kazi kwa fedha za Benki ya Dunia, kila mmoja akapewa kitu kidogo akaenda zake. Kisha shaba ikapanda bei, kobalti ikatafutwa na dunia nzima kwa ajili ya betri, kampuni mpya zikaja, na ardhi ambayo jana haikuwa na mtu wa kuiuliza ikawa na bei.

Tazameni jirani zetu wa Kolwezi. Katika Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanya kazi, walikaa watu karibu 39,000. Mgodi ulio karibu ulipofunguliwa tena na kupanuka, nyumba zikapakwa misalaba myekundu, na wenyeji wakaelezwa kwamba wataondoka. Wengi walioondoka walipewa fidia isiyotosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha, wakaenda kukaa pembeni ya mji pasipo maji wala umeme. Lakini hawakunyamaza. Waliunda kamati yao, na chama cha IBGDH cha pale Kolwezi pamoja na Amnesty International wakaandika habari zao, wakazitangaza Septemba 2023. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtu asinyang'anywe mali kwa faida ya umma bila fidia ya haki. Tena Kanuni ya Migodi ilisahihishwa mwaka 2018, ikaongezewa maagizo juu ya watu wanaohamishwa. Sheria, basi, hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma kwa sauti mbele ya wakubwa, na mwenye nyumba aliye na karatasi mkononi.

Hilo la karatasi ndilo tulilolishika sisi hapa Kikula. Katika mashirika ya parokia yetu tumeunda kikundi kidogo, wanaume na wanawake, tusio na mshahara. Jumamosi tunapita njia baada ya njia, tunaandika: lupango hili ni la nani, lilipatikana mwaka gani, kuna kitabu, kuna cheti, wajane na yatima wametajwa? Mwenye kitabu cha zamani tunamsindikiza ofisini, maana mzee akienda peke yake huambiwa arudi kesho, na kesho tena. Njia ikitengenezwa, twataka mpangaji na mjane wahesabiwe pamoja na mfanyabiashara. Kazi ni ya polepole. Wengine wanatufungia mlango, wakidhani tumetumwa na wanunuzi, wala siwalaumu.

Jumamosi moja tukafika kwetu. Mama mmoja wa kikundi, ambaye ndugu zake walipanda treni ile, ndiye aliyeshika kalamu. Akamwuliza baba kama alivyowauliza wengine: "Mzee, lupango hili lilipatikanaje?" Baba akaingia ndani, akarudi na ile karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Mama yule akaisoma, akaisoma tena, kisha akaniangalia mimi. Sikuwa na neno. Baba akasema: "Andika jina langu. Na jina lake liandike pia, hapo chini." Akaandika yote mawili. Tumepeleka barua Mwene-Ditu kwa mkono wa dereva mmoja wa lori, kuuliza kama jirani yetu yu hai, au kama ameacha watoto. Jibu bado halijafika.