Sukari ya Jajja: Kisukari, Moyo na Figo za Wanawake Katika Historia

Kwetu Masaka, ugonjwa wa kisukari huitwa sukaali tu. Jajja yangu, yaani bibi aliyenilea, alikuwa nao kwa miaka mingi. Kila alipotoka kliniki tulimwuliza swali moja: sukari imeshuka? Akijibu ndiyo, tulifurahi. Miguu yake ilipoanza kuvimba tulisema ni uzee. Mkojo wake ulipokuja kupimwa, ulikuwa na protini nyingi, na figo zilikuwa zimeshaharibika. Katika insha hii nataka kueleza kwamba kosa letu la kutazama sukari peke yake lina historia ndefu.

Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka 1921, wagonjwa wengi, hasa watoto na vijana, walikufa mapema. Dawa hiyo iliwapa uhai, na uhai mrefu ukafichua madhara mengine. Mwaka 1936, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu waliyoyaona katika vichujio vya figo za watu wenye kisukari. Kumbe ugonjwa huu ulikuwa pia ugonjwa wa mishipa ya damu.

Wanawake walichelewa kutazamwa. Kwa kawaida wao hupata maradhi ya moyo baadaye kuliko wanaume, kwa hiyo watu wengi waliyahesabu kuwa maradhi ya wanaume. Lakini mji wa Framingham, Marekani, ulikuwa na utafiti ulioanza mwaka 1948 na kuwafuatilia wanaume na wanawake pamoja. Mwaka 1979, William Kannel na Daniel McGee walitoa matokeo ya miaka 20: kisukari kiliongeza hatari ya moyo kwa wanawake zaidi ya kilivyoiongeza kwa wanaume. Ile nafuu ya mwanamke ilipungua sana.

Na chakula je? Hapa historia inarudi kwetu. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika makala kuhusu Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo; wakati huo lilikuwa jambo geni kiasi cha kustahili makala. Baadaye Trowell na Denis Burkitt, ambaye naye alifanya kazi Mulago, walisema kwamba vyakula vilivyokobolewa na kupungukiwa nyuzinyuzi vinaleta maradhi.

Utafiti wa baadaye uliongeza jambo jingine, yaani inflamesheni: mwili kujihami ndani kwa ndani bila kukoma, kama moto wa makaa chini ya majivu. Mwaka 2000, Paul Ridker na wenzake walionyesha kwamba protini ya damu inayopima hali hiyo ilitabiri maradhi ya moyo kwa wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 2001 ikaonekana kwamba ilitabiri pia kisukari. Soda, unga mweupe na vyakula vya kukaangwa huelekea kuuchochea moto huo; maharagwe, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa huelekea kuutuliza.

Jajja alikuwa na vyakula hivyo shambani kwake. Sisi wajukuu ndio tuliomletea mkate mweupe na soda kutoka mjini, tukidhani tunamheshimu. Leo mtaalamu wa lishe amempimia hata matoke na maharagwe, kwa sababu figo zilizochoka hushindwa kuondoa potasiamu. Chakula ambacho zamani kingemsaidia, sasa anakila kwa kipimo.

Kwa hiyo siku hizi Jajja akitoka kliniki simwulizi tena habari za sukari peke yake. Namwuliza pia kama wamempima presha, na kama wameuangalia mkojo. Mama yangu, ambaye naye ameanza kutibiwa kisukari, namwuliza hayo hayo. Kwake bado hatujachelewa.