Alopesia: Si Kila Unyonyokaji wa Nywele ni Upara

Daktari wa Uvira akiandika alopesia kwenye fishi ya mgonjwa, nyumbani neno hilo hufasiriwa kuwa upara. Tafsiri hiyo ni finyu na huwaumiza watu. Upara, katika fikra za wengi, umeletwa na umri au ukoo, hauna dawa, basi. Mgonjwa hukaa kimya huku muda wa kutibiwa ukimpita. Alopesia ni pana zaidi: ni kupotea kwa nywele mahali zinapopaswa kuota, kwa sababu yoyote ile. Asili yake ni jina la Kigiriki la mbweha, mnyama anayenyonyoka manyoya akipatwa na upele. Napendekeza tuiite unyonyokaji wa nywele, na upara ubaki aina moja tu chini yake.

Kinachoamua tiba ni kinyweleo, yaani kifuko kilicho ndani ya ngozi ambamo unywele huota. Kikiwa hai, unyonyokaji ni usio na kovu, na nywele zaweza kurudi. Kikifa na kovu likashika nafasi yake, hakuna mafuta yatakayoziotesha tena.

Kwa watoto wa shule, chanzo cha kawaida ni mapunye: mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika. Kunyoa hakuponyi, wala dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwani kuvu wamejificha ndani ya kinyweleo. Hutibiwa kwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta. Ndagala waliokaangwa kwa mawese wanafaa sana.

Unyonyokaji wa baada ya ugonjwa huja miezi 2 au 3 baada ya malaria kali, homa ya tumbo, njaa au kujifungua. Nywele hutoka kwa wingi kichwa kizima, na kwa kuwa homa imeshasahaulika, mama huanza kumshuku jirani kwa uchawi. Chanzo kikiondoka, kwa kawaida zinarudi zenyewe. Mgonjwa akiwa na upungufu wa damu, atibiwe huo.

Vipara vya mviringo, vyenye ngozi laini, hutokea kinga ya mwili inapovishambulia vinyweleo. Daktari anaweza kuchoma sindano za steroidi kwenye ngozi ya kichwa. Upara wa kurithi nao una dawa: minoksidili ya kupaka, ambayo mwanzoni ilitengenezwa kushusha shinikizo la damu, na kwa wanaume finasteridi ya kumeza. Ukiziacha, faida yake hupotea. Na mjamzito asitumie hata moja kati ya hizo mbili.

Aina inayonihangaisha zaidi ni unyonyokaji wa mvuto. Ulielezwa na madaktari mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele kwa kuzibana sana. Kwetu, kuanzia Kavimvira hadi Baraka, huletwa na misuko iliyokazwa na meshi nzito, hasa juu ya nywele zilizolainishwa kwa dawa. Huanzia pembezoni mwa paji la uso na juu ya masikio, pamoja na maumivu na vipele. Mwanzoni hauna kovu. Ukiendelea miaka, kovu hushika. Tiba ya kwanza haina gharama: fungua misuko, uache ngozi ipumzike. Baadaye daktari anaweza kuongeza dawa ya uvimbe au minoksidili.

Kwa hiyo nawaomba waganga wetu waandike jina kamili: unyonyokaji wa mvuto, usio na kovu. Mama akisomewa maneno hayo atajua nini kimemharibu mwanawe, kwamba bado kuna tumaini, na kwamba misuko ile ifunguliwe leo hii.