Stelingi Asiyesema

Katika mabanda ya video stelingi hujulikana mapema. Ndiye anayepiga sana, anayesema sana, na ambaye watoto watakuapia kwamba hafi. Kwa kipimo hicho mwigizaji ninayemwandikia hapa asingepata hata nafasi ya kusimama mlangoni. Filamu zake hazikuwa nyingi, na katika ile iliyofika mbali zaidi alicheza mwanamke aliyenyamaza kwa miaka 20. Jina lake ni Amandina Lihamba. Nasema, tena bila kuogopa kuchekwa, kwamba sisi tunaojifunza kuandika tuna mengi ya kuchota kwake kuliko kwa mastelingi wote wa banda.

Ili tuelewe uzito wa kimya kile, hebu turudi nyuma kidogo. Hatuendi mbali. Ukitoka Mwanga kwa basi la Tanga utapita Same, Hedaru, Mkomazi na Mombo, huku milima ya Usambara ikikuandama mkono wa kushoto hadi Korogwe. Huko juu mlimani kuna mahali panaitwa Vugiri. Hapo ndipo kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza sinema za kuwafunza Waafrika, chini ya Meja Notcutt. Zilitoka picha fupi zipatazo 35, nyingi zikiwa za kilimo, afya na mambo kama kuweka akiba posta.

Walioonekana kwenye picha zile walikuwa Waafrika, lakini sauti haikuwa yao. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yaliwekwa kando kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali, zikapigwa wakati picha inapita. Yaani mtu unamwona anafungua mdomo, halafu mwingine ndiye anayemsemea! Sinema ya nchi hii ilianza hivyo: uso wetu, maneno ya wenzetu.

Lihamba alizaliwa mwaka 1944, miaka saba baada ya mradi ule kufungwa. Alikuja kuwa mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hatimaye profesa. Lakini kabla hatujamfuata kwenye filamu tumtazame kwenye karatasi. Mwaka 1980 ilitoka tamthilia yake *Hawala ya Fedha*, aliyoitengeneza kutokana na kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal: mzee anatumiwa hawala na mpwa wake aliyeko Paris, kisha karatasi za serikali zinamzungusha mpaka anachoka. Mwaka 1982 ikafuata *Harakati za Ukombozi*, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Mwaka 1992 ikaja *Mkutano wa Pili wa Ndege*. Hapo katikati, mwaka 1985, alipata udaktari huko Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na tamthilia Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Huyo si mtu wa kukosa maneno, bwana!

Mwaka huohuo wa 1985 ilitoka filamu ya *Arusi ya Mariamu*, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill, na Lihamba akawa miongoni mwa waigizaji. Ni habari ya mwanamke mgonjwa ambaye hospitali imemshinda, na sasa analazimika kukabiliana na woga wake wa waganga wa jadi. Fikiria basi, msomaji: Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kucheza filamu ya namna ile wakati ule ilikuwa kama kupanda mwembe ambao matunda yake yataliwa na wajukuu.

Kisha ikaja *Maangamizi: The Ancient One*, mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na yuleyule Mulvihill. Daktari Mmarekani Mweusi, Asira, anafika kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili Tanzania. Huko anamkuta Samehe, mgonjwa ambaye hajatamka neno kwa miaka 20. Asira anachezwa na BarbaraO, na Samehe ndiye Lihamba. Hii ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Haikuingia katika zile tano za mwisho, lakini jina la nchi lilisomwa.

Sasa liangalie jambo hili vizuri. Mwaka 1996, miaka mitano tu kabla ya filamu hiyo kutoka, Lihamba na mwenzake Penina Mlama, ambaye ndiye yule Penina Muhando, walianzisha Tuseme. Huu ulikuwa mpango wa kuwawezesha wasichana wa sekondari kuyatoa matatizo yao kwa njia ya michezo ya kuigiza. Mama aliyewaambia mabinti "tuseme" ndiye huyohuyo aliyekubali kucheza mwanamke asiyesema.

Wengine wataona hapo pana mgongano. Mimi sioni. Mtu wa Vugiri alinyamazishwa, na pengo lake likajazwa na santuri. Kimya cha Samehe hakuna anayekijaza. Kinakaa palepale katikati ya filamu, kinamsumbua daktari, kinatusumbua na sisi tulioketi kutazama, hadi tunaanza kujiuliza mama huyu aliona nini. Mwigizaji anabaki na macho, shingo na mikono tu. Kazi ya namna hiyo anaiweza mtu anayejua thamani ya neno, na yeye alikuwa ameshayaandika kwa miaka mingi.

Tazama miswada yetu sisi vijana. Kila mhusika anahutubia kama yuko jukwaani. Akipenda anahutubia, akifiwa anahutubia, hata akikata roho anamaliza kwanza aya mbili. Tunaogopa kwamba akinyamaza msomaji atafunga kitabu.

Basi jaribu hili, mwenzangu. Mchukue yule mama anayeuza samaki wa Nyumba ya Mungu pale stendi, anayepanga mafungu yake asubuhi hadi jioni na kujibu kwa kichwa tu. Mwandike kurasa tatu bila kumtia hata neno moja mdomoni. Ukiona zimekushinda, usikimbilie kumsemea. Rudi stendi ukamtazame tena.