Stika ya pawa saplai haikuandikiwa Nyamira

Kila Oktoba bonasi ya majani chai ikiingia, meseji zangu hujaa swali moja. "Buda, nimepata kompyuta ya ex-UK, nataka kuiwekea kadi ya grafiki nicheze gemu, ninunue pawa saplai gani?" Wengi wako Kisii mjini, Keroka, Kebirigo, Nyamira. Na wengi wameshaamua kabla hata ya kuuliza: ile ya elfu moja mia tano, imeandikwa wati 600, iko fiti. Mimi huwaambia wangoje kwanza. Hicho kiboksi cha chuma kina historia yake, na stima ya huku kwetu ina historia yake. Hizo mbili zinakutana siku unapochomeka waya ukutani, na si lazima zipatane.

Tuanze na kiboksi. Mwaka 1977 Apple II ilitoka na pawa saplai ya aina ya swichi, iliyobuniwa na Rod Holt. Njia ya zamani ilikuwa transfoma nzito ya chuma na shaba, yenye joto kama jiko. Holt hakuwa wa kwanza duniani kutumia mbinu ya swichi, lakini aliiingiza kwenye kompyuta ya mtu wa kawaida: umeme unakatwakatwa mara maelfu kwa sekunde, transfoma inakuwa ndogo, joto linapungua. IBM PC ya 1981 ilikuja na wati 63.5. Sitini na tatu na nusu, wasee! Leo kadi moja ya grafiki inakunywa karibu mara tatu ya hizo.

Enzi hizo mzigo mkubwa ulikuwa kwenye volti 5, kwa sababu ndiyo chipu zilikuwa zinakula. Intel ilipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995 ikaongeza volti 3.3, huku volti 12 ikihudumia zaidi mota za diski na feni. Halafu Pentium 4 ikaja mwaka 2000 na njaa yake, mzigo ukaanza kuhama, na kufikia ATX12V 2.0 ya mwaka 2003 volti 12 ilikuwa ndiyo mwenye nyumba.

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kuna viwanda havikuhama. Muundo ni wa zamani, stika ni mpya. Juzi nilishika moja, mbele imeandikwa 600W kwa herufi kubwa kama bango la kampeni. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani: +12V, 18A. Zidisha mwenyewe, 12 mara 18 ni wati 216. Wati zingine zimejazwa kwenye laini ambazo kompyuta ya leo haizitumii sana, na zingine sijui zimetoka mbinguni. Sasa weka prosesa ya i5 ya kizazi cha nne, wati 84, na RX 580, wati 185. Tayari ni 269, na hujahesabu diski wala feni. Kama utasoma kitu kimoja tu kwenye hiyo stika, soma laini ya 12V.

Ndiyo maana mimi huitetea ile pawa saplai inayokuja ndani ya kompyuta ya ofisi, ile watu huidharau. Dell OptiPlex 9020 ya mnara ina wati 290 tu, lakini ni 290 za ukweli. Ukiiwekea GTX 1050 Ti, ambayo inatosheka na wati 75 kutoka kwenye sloti yenyewe bila waya wa ziada, utacheza kwa amani. (Na kabla ya kuing'oa, jua kwamba plagi yake kubwa ya madabodi ni ya pini 8, si 24. Bila adapta, pawa saplai mpya itakuwa mapambo.)

Halafu kuna 80 PLUS. Mtaani neno Bronze ama Gold linachukuliwa kama digrii. Huo mpango ulianza Marekani mwaka 2004, na kampuni za umeme za huko ziliusukuma kwa sababu zilitaka wateja wapoteze umeme kidogo. Kipimo chake cha kwanza ni cha volti 115, kwenye chumba cha nyuzi kama 23. Kinauliza umeme kiasi gani unafika kwenye kompyuta na kiasi gani unageuka joto. Bronze lazima ifikishe asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo. Ni swali zuri, tena ni vigumu kulifaulu ukitumia takataka, kwa hivyo sisemi uipuuze. Lakini hakuna mahali inauliza kitatokea nini posho mill ya jirani ikiwashwa.

Na sisi posho mill tunaijua. Stima yenyewe ilifika pwani hii mapema sana: Sultani Barghash wa Zanzibar alipata jenereta mwaka 1875 ya kuwasha kasri yake, na mwaka 1908 mitambo hiyo ikahamishiwa Mombasa. Mwaka 1922 ikaundwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina ikawa Kenya Power and Lighting. Nyaya zilifuata miji, viwanda na mashamba ya walowezi. Vilima vya Gusii vilingoja. Boma nyingi zilipata taa juzi tu, kupitia Last Mile ya mwaka 2015, ada iliposhuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 za transfoma.

Siwezi kuuponda huo mradi, umewasha nyumba za mashangazi zangu. Lakini fikiria waya. Wewe uko kule mwisho, mita 500 na kitu. Katikati kuna fundi wa kuchomelea vyuma na kuna posho mill. Mota ikianza inanyonya kwa nguvu, taa zako zinafifia, zinarudi. Ongeza radi, maana hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria ikipanda milima yetu mchana, jioni lazima ingurume. Ongeza zile siku nchi nzima inazimika, kama ile ya tumbili wa Gitaru mwezi Juni 2016, stima inaporudi kwa kurukaruka.

Pawa saplai ya ATX inatakiwa kushikilia kompyuta kwa milisekunde kama 17 stima ikikatika. Wimbi moja la umeme wa Marekani, wa 60 Hz, ni milisekunde 16.7. Letu, la 50 Hz, ni 20. Yaani hata ile nzuri haihakikishii wimbi letu moja zima, na ya bei ya kutupa huenda isifike hata nusu yake.

Cheki pia ile swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Ni alama ya dunia mbili za umeme. Kwetu ni 240, na mtu akiiweka kwenye 115, kila kapasita kubwa ndani inapata karibu volti 340 wakati imeundwa kwa 200. Utasikia mlio. Kizazi kipya hakina swichi, kimeandikwa 100–240V, na hicho ndicho ningekulipia zaidi ukiwa Nyamira: stima ikishuka hadi 170, chenyewe kinaendelea na kazi. Ila chunga. Kuna zisizo na swichi zilizoandikwa 200–240V. Hizo swichi imetolewa tu, ndani ni kule kule.

Binamu yangu wa upande wa Ekerenyo alinunuliwa mashine kwa bonasi ya mama yake. Alikuwa anahariri video za harusi, mchana kazi, usiku gemu. Mvua ikanyesha, stima ikaenda, ikarudi, pawa saplai ikafa na madabodi na kadi. Kila mtu alilaumu radi. Fundi alipoifungua (wewe usifungue, kapasita hubaki na umeme hata ukichomoa) tukaona nafasi tupu pale kwenye kuingilia umeme. Mahali pa koili za kuchuja paliunganishwa kwa kipande cha waya, na ile sehemu ya kumeza umeme wa ghafla haikuwahi kuwekwa. Dukani aliambiwa garanti haihusiki na mambo ya stima. Mama yake hajauliza kitu hadi leo, anachuma tu majani, na hilo ndilo linamuuma kijana.

Kwa hivyo ukiniuliza Oktoba hii, nitakuuliza laini ya 12V inasema nini, na volti ya kuingia imeanzia ngapi. Ya mtumba yenye jina, nzito mkononi, naichukua kabla ya mpya yenye kelele. Chenji ikibaki nunua TV Guard, ile inayokata stima ikishuka ama ikipanda na kungoja dakika chache kabla ya kurudisha. Kwa radi haitoshi. Ukisikia kunanguruma upande wa Manga, chomoa, hata kama ni katikati ya mechi.