Breki za Diski: Fikira Iliyosubiri Nusu Karne

Watu husifu mbio za motokaa, lakini ni wachache wanaouliza jinsi inavyosimama. Hata hivyo, mambo hayo mawili yamefuatana tangu zamani: kila injini ilipoongezewa nguvu, breki nayo ilidaiwa kazi kubwa zaidi. Dereva asiyeweza kusimama hana mamlaka juu ya chombo chake, wala juu ya maisha ya wapitao njiani.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa na breki za dramu. Louis Renault wa Ufaransa alizitumia katika mwaka 1902, na mfano wake ukaenea katika nchi nyingi. Dramu ni chombo cha chuma chenye umbo la ngoma, kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda mfano wa mwezi mwandamo, ambavyo mafundi huviita viatu vya breki. Dereva akanyagapo breki, viatu hutanuka na kusugua ukuta wa dramu kwa ndani. Mzunguko wa dramu wenyewe hukivuta kiatu kimoja na kukibana zaidi, kwa hiyo mguu wa dereva hupata msaada bila kuuomba.

Lakini breki haiumezi mwendo ukapotea hivi hivi. Huugeuza kuwa joto. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile liendalo kilomita 40, na joto lote hilo hufungiwa ndani ya dramu. Dramu ikipata moto hutanuka na kuviacha viatu mbali, nayo bitana ya viatu hupoteza uwezo wake wa kushika. Dereva ateremkaye mlima mrefu hukanyaga na kukanyaga, na breki huzidi kulegea wakati ule ule anapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Dawa ya maradhi hayo ilifikiriwa mapema. Katika mwaka huo huo wa 1902, mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Badala ya ngoma iliyofunikwa, alitumia sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ikabanwa kutoka pande mbili kama mtu abanavyo sarafu kati ya vidole viwili. Sahani hiyo iko wazi, upepo huipoza. Fikira ilikuwa njema, ila malighafi ya zama zake haikuitosheleza. Vibanio vyake vya shaba vilipiga kelele na kulika upesi katika vumbi la barabara za siku zile. Fikira ikawekwa kando, nayo dramu ikatawala.

Waliohitaji diski kwa dhati walikuwa marubani. Ndege itakayo kusimama juu ya uwanja mfupi huwa na uzito mwingi na kasi kubwa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege kadhaa zilitumia breki za namna hiyo. Baada ya vita, kampuni ya Dunlop ilishirikiana na Jaguar kuzileta barabarani. Katika mwaka 1952 Stirling Moss alishinda mashindano ya Reims, Ufaransa, katika Jaguar C-Type yenye diski. Mwaka uliofuata ulikuwa mtihani wa Le Mans, ambako magari hukimbia kwa saa 24 mfululizo. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda kwa wastani wa kilomita 170 hivi kwa saa, nao walikuwa washindi wa kwanza wa huko kupita wastani wa maili 100. Waliweza kukaribia kona kwa kasi wakijua kwamba breki itawaitikia, mzunguko baada ya mzunguko.

Tangu hapo mambo yalikwenda upesi. Citroën DS, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1955, ilikuwa na diski katika magurudumu ya mbele. Triumph TR3 ya Uingereza ikafuata mwaka 1956.

Je, magari ya kale yaliyobaki na dramu yafanyweje? Chukua mfano wa Morris Minor, gari lililobuniwa na Alec Issigonis na kuanza kuuzwa mwaka 1948. Lilikuwa na dramu pande zote nne, nazo zilitosha, kwa maana gari la kwanza halikuzidi sana kilomita 100 kwa saa. Lakini wapenzi wengi wameyatia magari hayo injini kubwa zaidi, na hapo ndipo hatari inapoanza. Morris Marina, iliyotokea mwaka 1971, ilirithi mpango wa magurudumu ya mbele ya Minor. Kwa hiyo mafundi wamechukua diski za Marina na kuzifunga katika Minor.

Kazi hiyo haimalizikii magurudumuni. Diski hazina ule msaada wa kiatu kujibana, basi mguu hulazimika kukaza zaidi, au hufungwa chombo cha kuongeza nguvu kwa mvuto wa hewa wa injini. Vibanio vya diski hutaka mafuta ya breki mengi zaidi, hivyo silinda kuu ichunguzwe kama inatosha. Tena, silinda nyingi za zamani zina vali inayobakiza msukumo kidogo ndani ya mabomba. Kwa dramu msukumo huo ni mwema. Kwa diski huweza kuzifanya zisugue daima mpaka ziwake. Mwisho, nguvu za mbele na za nyuma zipatane, kwani magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza gari huteleza na kugeuka. Na anayefungua dramu za kale asipulize vumbi lake, kwa sababu bitana nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu.

Wako wasemao kwamba gari la kale likibadilishwa hupoteza ushahidi wake wa historia. Neno lao lina haki. Gari la kukaa katika makumbusho na liachwe kama lilivyozaliwa. Lakini gari liendalo barabarani hukutana na watoto watokao shuleni, na hao hawaulizi breki ni ya mwaka gani. Mwenye busara hufunga diski, kisha huzipaka mafuta dramu za asili na kuzihifadhi sandukuni, ili siku moja gari liweze kurudishiwa hali yake. Hivyo historia hutunzwa, na mpita njia naye hufika kwao salama.