MFALME SIMBA: JE, MCHEZO HUU BADO WAFAA KUTAZAMWA?

Kila tukutanapo walimu wa Kiswahili katika semina, hapakosi mtu wa kuuliza swali ambalo kwa juu juu laonekana dogo. Je, mchezo wa jukwaani uitwao The Lion King, yaani Mfalme Simba, ambao umekuwa ukichezwa tangu mwaka 1997, bado wafaa kutazamwa? Wako wasemao kwamba huo ni biashara tupu ya Wamarekani, na kwamba utamu wake ulikwisha zamani. Wako pia wasemao kwamba Kiswahili hakijapata kutangazwa ulimwenguni kama kilivyotangazwa na mchezo huo. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya kweli. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi asili ya mchezo, tutautazama kama mchezo, kisha tutautazama kwa jicho la mwalimu wa lugha, na mwisho tutatoa rai yetu.

Asili ya Mchezo

Mchezo huu ni mtoto wa filamu. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni yenye jina hilohilo. Kabla ya kuichora, baadhi ya wasanii wake walisafiri hadi Kenya kuitazama nchi na wanyama wake, wakafika katika mbuga ya Hell's Gate iliyo karibu na Naivasha. Kisa chenyewe ni cha mwana wa mfalme aitwaye Simba. Ami yake, Scar, anamwua mfalme Mufasa kwa hila, kisha anamsadikisha mtoto kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba yake. Mtoto anakimbia. Anakulia ugenini pamoja na nguchiro Timon na ngiri Pumbaa, na mwishowe anarudi kudai kiti cha baba yake.

Msomaji wa Shakespeare ataona hapo kivuli cha Hamlet. Msomaji wa tenzi zetu naye atamkumbuka Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao aliyewindwa kwa hofu kwamba angetwaa ufalme. Kisa cha watu wa damu moja kuuana kwa ajili ya kiti hakina kabila, na hiyo ni sababu mojawapo ya mchezo huu kupokewa kila mahali.

Muziki wa nyimbo za filamu ulitungwa na Elton John, na maneno yakaandikwa na Tim Rice, wote Waingereza. Lakini sauti ya Afrika ililetwa na Lebo M, mwimbaji wa Soweto aliyepata kuishi uhamishoni wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Yeye ndiye aliyetoa mwito ule wa Kizulu unaosikika jua linapochomoza, wa kutangaza kuwa simba anakuja. Mwaka 1995 Lebo M na wenzake walitoa nyimbo nyingine zilizozaliwa na filamu hiyo, na baadhi yake zikaingizwa baadaye katika mchezo wa jukwaani.

Kazi ya kuipandisha filamu jukwaani alikabidhiwa Julie Taymor, mwelekezi Mmarekani ambaye katika miaka ya 1970 aliishi Indonesia miaka kadhaa akishughulika na sanaa za vinyago na vikaragosi. Miondoko ya ngoma ilitungwa na Garth Fagan, mzaliwa wa Jamaika, na mandhari ya jukwaa yakabuniwa na Richard Hudson, mzaliwa wa Zimbabwe. Mchezo ulionyeshwa kwanza Minneapolis mwezi Julai 1997, na tarehe 13 Novemba mwaka huohuo ukafunguliwa rasmi Broadway, mtaa mashuhuri wa majumba ya michezo katika jiji la New York. Mwaka 1998 ulipata tuzo sita za Tony, na Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo hiyo kwa uelekezi wa mchezo wa nyimbo. Ulifika London mwaka 1999, Hamburg mwaka 2001 na Johannesburg mwaka 2007. Broadway peke yake umekwisha kuchezwa zaidi ya mara 10,000. Ulisimama kwa muda mrefu mara moja tu, wakati wa UVIKO-19, tangu Machi 2020 hadi Septemba 2021.

Mchezo Wenyewe

Sisi tulibahatika kuutazama London, tulipokwenda kuwatembelea jamaa zetu waishio huko. Tuliketi safu za juu kabisa, penye viti vya bei nafuu, na twakiri kwamba tuliingia na moyo wa kutafuta makosa. Makosa yapo. Vichekesho vingine vimechakaa kama sarafu iliyopita mikono mingi, na sehemu ya pili hukokota miguu mahali ambapo inafuata filamu hatua kwa hatua.

Lakini kile kilichokuwa kizuri mwaka 1997 hakijazeeka. Wachezaji wanaoigiza twiga hutembea juu ya mironjo minne, miwili ya mikono na miwili ya miguu, na uso wa binadamu unaonekana wazi chini ya shingo ndefu. Kinyago cha Mufasa hakimfuniki mchezaji usoni. Kimewekwa juu ya kichwa chake, hivi kwamba mtazamaji anamwona mtu na simba kwa pamoja. Ukame unapoingia, kitambaa cha buluu kilichotandazwa kama bwawa kinanywewa polepole na tundu lililo katikati ya jukwaa mpaka kinatoweka. Simba majike wanapoomboleza, wanavuta utepe mweupe kutoka machoni, na hayo ndiyo machozi.

Mtu yeyote aliyepata kukaa jikoni usiku akimsikiliza bibi akisimulia hadithi za Sungura na Fisi ataijua sanaa hii mara moja. Bibi hafichi uso wake. Hugeuza sauti, huinua mkono, na msikilizaji humwona Fisi akipita. Kazi kubwa inafanywa na msikilizaji mwenyewe. Mbinu za mitambo huzeeka kila mtambo mpya unapovumbuliwa, lakini kitambaa kilichokubaliwa na watu kuwa maji hakina mtambo wa kukishinda.

Jambo lingine la kusifiwa ni Rafiki. Katika filamu ni nyani dume, lakini Taymor alimfanya mwanamke na kumpa cheo cha mganga. Ndiye afunguaye mchezo kwa sauti yake. Naye haanzi kwa Kiingereza. Mbele ya maelfu ya watu wasiojua neno hata moja la lugha za kusini mwa Afrika, yeye na kwaya yake huimba kwa lugha hizo bila kutafsiri, na watu husikiliza kwa utulivu. Kwa mwalimu wa lugha ya Kiafrika, kuushuhudia utulivu ule kunatosha kulipia kiti.

Kiswahili Ndani ya Mchezo

Sasa na tuutazame mchezo kwa jicho la kazi yetu. Zimo humo lugha kadhaa za Kiafrika, Kizulu na Kixhosa zikiwa miongoni mwake. Hizo zimepewa nyimbo. Kiswahili, kwa sehemu kubwa, kimepewa majina. Simba na Rafiki hayahitaji maelezo. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi, yale maji ya uongo yaonekanayo mbali wakati wa jua kali. Pumbaa limetokana na kitenzi cha kuduwaa na kupotewa na akili. Lakini Mufasa si neno la Kiswahili, wala Nala silo, ingawa watu wengi wameambiwa kwamba Nala maana yake ni zawadi. Tulipokuwa tukitoka ukumbini, mzee mmoja aliyesikia kwamba twafundisha Kiswahili alituuliza kama ni kweli. Tukamjibu kwa upole kwamba zawadi ni zawadi, au tunu, au hiba. Alinyamaza kidogo, kisha akatuambia kwamba mjukuu wake ameitwa Nala kwa sababu hiyo. Tukamwambia kwamba jina alilopewa mtoto kwa mapenzi ni zawadi hata kama kamusi hailijui.

Jina linalotutia uzito ni la fisi aitwaye Shenzi. Watoto wa nchi nyingi hulitamka kwa kicheko, nasi hatuwalaumu. Lakini neno hilo lina historia. Mwambao lilitumika kuwadharau watu wa bara, kisha wakoloni wakalichukua kumtusi Mwafrika yeyote. Hapa Uganda, ambako Kiswahili kwa miaka mingi kilijulikana kuwa lugha ya askari, wazee wetu hawakulijifunza neno hilo vitabuni. Walilisikia likitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Mwalimu asikae kimya linapotajwa darasani.

Tena kuna yale maneno mawili yanayojulikana kuliko yote, hakuna matata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya filamu, bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilikwisha kuyaimba katika wimbo wake wa kuwakaribisha wageni. Katika mwambao wetu husikika zaidi hakuna shida au hamna taabu, hali katika Kiswahili cha Kongo neno matata ni la kila siku. Lolote litumikalo, ni jibu la jambo mahususi: mtu amekukanyaga, akaomba radhi, ukamwambia hakuna matata. Wageni wengi wameyafanya kuwa falsafa ya Mwafrika asiyejali kitu.

Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe haukubaliani nao. Maneno hayo anafundishwa mtoto aliyekimbia kwao akidhani amemwua baba yake. Yanampa kivuli cha kupumzikia, na kivuli hicho anakihitaji. Lakini angekaa humo siku zote, nchi yake ingekufa kwa njaa. Kisa kizima kinamdai atoke, arudi, akabiliane na matata yaliyopo. Wimbo ambao watu hutoka wakiuimba ndio ambao kisa kimeukanusha. Mwanafunzi akiliona hilo, amejifunza kusoma tamthilia.

Hatuwezi kuliacha suala la mali. Disney iliomba mwaka 1994 kuyasajili maneno hakuna matata nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara, ikakubaliwa mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Sheria hiyo haimzuii mtu kuyatamka, lakini habari zake ziliposambaa mwishoni mwa mwaka 2018, makumi ya maelfu ya watu walitia sahihi kupinga. Aidha, filamu ilitumia wimbo uliotokana na Mbube wa Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939 na kufa fukara mwaka 1962. Warithi wake walikwenda mahakamani, na kesi ikamalizika kwa mapatano mwaka 2006. Atazamaye mchezo huu na ayajue hayo pia.

Rai Yetu

Je, bado wafaa kutazamwa? Twajibu kwamba wafaa. Mwenye nafasi na uwezo asiukose, kwa sababu waonyesha ni kwa vitu vichache kiasi gani jukwaa laweza kujengwa: kitambaa, vijiti, vinyago na sauti za watu. Hilo ni somo kwa shule zetu, ambazo hazina taa wala pazia lakini vitambaa na vijiti zinavyo. Lipo hata toleo fupi lililotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, na shule inaweza kuliomba kwa wenye haki yake. Itakayoliigiza isiishie kwenye makofi. Siku inayofuata walimu wawape wanafunzi majina yale wayachambue, wajadili neno shenzi lilitoka wapi na lilimwumiza nani, na waulizwe kwa nini Simba hakubaki msituni.

Lakini kuutazama si kuutegemea. Mchezo huu umechezwa kwa Kijapani tangu 1998, kwa Kijerumani tangu 2001, kisha kwa Kikorea, Kifaransa, Kihispania, Kireno na Kichina. Kiswahili, kilichompa shujaa wake jina, hakimo katika orodha hiyo. Hatulitaji jambo hili ili kulalamika. Twalitaja kwa kuwa laonyesha mpaka wa msaada wa mgeni: anaweza kuchukua maneno yetu akayapendezesha, lakini sentensi atuachia sisi. Uganda ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na bado watoto wengi wanakuja darasani na maneno mawili tu, yale ya wimbo. Wasikemewe. Waulizwe: hakuna matata gani, wapi, na nani kasema? Wakijibu, wametunga sentensi, na somo limeanza.

Wenzetu waliopata kuigiza mchezo huu pamoja na wanafunzi, au wenye rai iliyo kinyume cha yetu, twawaomba watuandikie.