Rufiji na Morogoro: Bajeti Ilipoanza Kufuata Vifo

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilidai katika ripoti yake kwamba nchi maskini zingeokoa maisha mengi kwa takriban dola 12 tu kwa kila mtu kwa mwaka, ilimradi fedha zielekezwe kwenye magonjwa yanayoua zaidi. Wengi waliona hizo ni hesabu za mezani. Tanzania, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ikaamua kuzijaribu Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi ukaitwa TEHIP.

Wilaya hizo ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi. Lakini watu walikuwa wanakufa kwa nini? Vitabu vya zahanati havikuwa na jibu, maana waliofia nyumbani hawakuandikwa humo. Wadodosaji wakapita kaya kwa kaya, na palipotokea msiba wakarudi baadaye kuwauliza wafiwa: homa ilianza lini, alipumua vipi, mlimpeleka wapi.

Matokeo yaliiumbua bajeti. Morogoro, malaria peke yake ilibeba 30% ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilitengewa 5% ya fedha za afya. Kifua kikuu, kilichobeba chini ya 4%, kilipewa 22%. Fedha zilikuwa zikifuata mazoea na matakwa ya wafadhili.

Rufiji nako kuliibuka jambo ambalo sisi waandishi tungepaswa kulitangaza zaidi. Tumezoea kuwalaumu wazazi kwamba mtoto akishikwa na homa hukimbizwa kwa mganga wa kienyeji. Uchunguzi wa vifo vya malaria ulionyesha kwamba karibu wanne kati ya kila watano waliotafuta tiba walianza na tiba ya kisasa. Walifika, na bado walikufa. Kwa hiyo ubora wa huduma yenyewe nao ulistahili kuulizwa.

Wilaya zote mbili zikawafunza wahudumu wa zahanati utaratibu wa IMCI: mtoto akiletwa na homa, aangaliwe pia upumuaji, kuharisha, lishe na chanjo, badala ya kuandikiwa dawa ya ugonjwa mmoja na kuruhusiwa aende. Ile nyongeza ya dola 2 haikutumika yote. Wilaya zilimudu kutumia chini ya dola 1 kwa mtu.

Baadaye dunia ikasifu kwamba vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya 40%. Mimi naamini zaidi tarakimu ndogo. Watafiti walizilinganisha wilaya hizo na Kilombero na Ulanga, ambako IMCI ilikuwa haijaanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004: vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa 13%, na gharama ya kumhudumia mtoto ilikuwa sawa au chini zaidi. Tena Kilombero na Ulanga ndizo zilizokuwa mbele kwa vyandarua, kwa hiyo ushindani haukuwa mwepesi.

Diwani unayesoma haya, bajeti ya afya ikiletwa mbele ya baraza lako, omba mganga mkuu wa wilaya aweke takwimu za vifo kando ya takwimu za fedha, kabla hujanyoosha mkono kuipitisha.